Aliyeumia Kazini Si Mtoro

Katika likizo iliyopita nilipata kazi ya ukarani katika kiwanda kimoja cha kupasua mbao hapa kwetu Uganda. Kazi yangu ilikuwa kuita majina asubuhi na kujaza daftari la mahudhurio.

Siku moja msumeno ulimkata kijana mmoja vidole viwili. Alipelekwa hospitali, akapewa cheti cha daktari apumzike majuma matatu. Kesho yake msimamizi aliniambia, "Mwandike hayupo." Nami niliandika. Mwisho wa mwezi alikatwa mshahara wa siku zote hizo, na aliyezihesabu ni mimi.

Niliporudi shuleni nilizitafuta sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yasema kwamba mtu aliyetimiza walau mwezi mmoja kazini, akiugua au akiumia, hupata mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ukiisha naye hajapona, ndipo mwajiri aweza kumwachisha kwa kufuata mkataba. Tena Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 haimnyimi fidia aliyeumia kwa uzembe wake, na gharama za matibabu yaziweka juu ya mwajiri.

Wako waajiri wasemao kwamba watu hujisingizia ugonjwa. Ni kweli, wapo. Lakini sheria yampa mwajiri ruhusa ya kudai cheti cha daktari, na kijana yule alikuwa nacho. Wengine husema fedha ni haba. Kwa sababu hiyo sheria ile ya 2000 yawataka wawe na bima. Asiyekata bima asimlipishe mgonjwa.

Wahenga walisema, punda afe mzigo wa bwana ufike. Lakini mtu si punda, na daftari halijiandiki lenyewe. Ninyi mliotutangulia katika shule hii, wengi wenu leo ni makarani, wasimamizi na wenye mali. Kalamu imo mikononi mwenu. Nasi tulio madarasani tutawafuata karibuni.

Mimi nimekwisha kumwandikia kijana yule aende kwa Afisa wa Kazi wa wilaya, na katika barua hiyo nimeeleza niliyoyaandika na aliyeniamuru. Huenda nisipate tena kazi pale. Heri hivyo.