Mtaje Aliyekwambia

Kuna sentensi moja inayohama kutoka risechi hadi risechi za vyuo vyetu: “Samaki wa Ziwa Tanganyika wamepungua kwa asilimia 30 kutokana na mabadiliko ya tabianchi.” Haina jina la mtu, haina mwaka, haina ukurasa. Mwanafunzi wa kwanza aliikuta mahali, wa pili akaidesa kwa wa kwanza, wa tatu akaikopi na kuipesti bila hata kubadilisha nukta. Nasema bila kumung’unya maneno: kila aliyeiandika hivyo ameiba mara mbili. Amemwibia mtafiti aliyeitolea jasho, na amemwibia mvuvi wa Kibirizi, hapa Kigoma, haki yake ya kuuliza, nani kasema, na kajuaje?

Basi tujibu, maana jibu lipo. Mwaka 2003 Catherine O’Reilly na wenzake walichapisha makala katika jarida la Nature. Walichunguza tope la chini ya ziwa pamoja na kumbukumbu za joto, wakaeleza kwamba maji ya juu yakipata joto zaidi na upepo ukipungua, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri. Virutubisho hubaki vilindini, mwani hupungua, na anayekula mwani naye hukosa. Kwa hesabu yao uzalishaji wa ziwa ulishuka kwa asilimia 20 hivi, na kutokana na hapo wakakadiria kwamba mavuno ya samaki yangepungua kwa asilimia 30 hivi. Walikadiria. Hakuna aliyekaa mwaloni Katonga akahesabu ndoo za dagaa na kupata 30. Halafu mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake, watu walioujua uvuvi wa ziwa hili kwa miaka mingi, wakapinga: kupanda na kushuka kwa samaki wanaovuliwa, walisema, kunatokana zaidi na namna watu wanavyovua kuliko hali ya hewa. Miaka kumi baadaye, 2016, Andrew Cohen na wenzake wakarudi na ushahidi mwingine wa tope uliotilia nguvu hoja ya joto.

Huo ni mjadala mzima, wenye majina, ushahidi na upinzani. Mwanafunzi anayeandika “asilimia 30” bila chanzo ameuzima wote. Makadirio ameyageuza kipimo, na hoja inayobishaniwa ameigeuza ukweli uliokwisha kuamuliwa. Mwenyewe hajui, kwa sababu hakuisoma hiyo makala. Angelazimika kuandika jina na mwaka angelazimika kwenda kuitafuta, na angeitafuta angekutana na Sarvala, na risechi yake ingekuwa na kitu cha kusema.

Sasa mtazame huyo mvuvi. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 serikali ilisimamisha uvuvi upande wetu wa ziwa ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu. Karabai na taa za sola zikawekwa ndani, kina mama wanaoanika dagaa wakatafuta kazi nyingine, na mgebuka ukawa wa kuulizia. Sibishani hapa na uamuzi wenyewe. Nasema kwamba mtu aliyeombwa kutoa kafara ya namna hiyo ana haki ya kuonyeshwa kila takwimu inayozungumzia maisha yake imetoka kwa nani, ilipimwa mwaka gani, kwa njia gani. Wasomi wa mkoa huu ndio wanaopaswa kumwonyesha. Wakimletea namba isiyo na mwenyewe, atakuwa na sababu gani ya kuwasadiki?

Nimeshajibiwa mara nyingi kwamba mambo ya marejeo ni urasimu wa Wazungu, kwamba mitindo ya APA na Harvard ni mabano na mikato ya kumkomoa mtoto wa maskini. Jibu hilo linanichoma, na linanichoma zaidi likitoka kwa mtu wa Ujiji. Ujiji! Mji uliojaa madrasa, mji ambamo tarika ya Qadiriyya ilishika mizizi, na ambamo mtoto anasikia neno sanadi kabla hajasikia neno chuo kikuu. Mwanachuoni hakusomei hadithi hewani. Anakwambia fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa Mtume. Bukhari alipokusanya kitabu chake katika karne ya tisa, kila hadithi aliitanguliza na mlolongo wa wapokezi wake, na mpokezi mmoja akigundulika ana dosari, hadithi yote inatiwa shaka. Watu walitungiwa vitabu vizima vya kuchunguza nani alikuwa mkweli, nani msahaulifu, nani hakuwahi hata kukutana na yule anayedai kumsikia. Kijana aliyelelewa karibu na elimu ya namna hiyo, anathubutuje kuniambia kumtaja aliyekwambia ni jambo geni?

Tena wapo wageni ambao katika hili wametupita kwa aibu yetu. Mpelelezi Richard Burton alifika Ujiji na mwenzake Speke mwezi Februari 1858. Burton aliandika juu ya Waafrika maneno ya dharau ambayo mpaka leo yanatia hasira. Lakini mtu huyohuyo, alipopata habari za nchi na njia kutoka kwa mfanyabiashara Snay bin Amir kule Kazeh, Tabora ya leo, alimtaja kwa jina kitabuni mwake. Mwanafunzi wetu anakwenda Kitongoni, anakaa barazani na bibi wa miaka themanini, anamchota historia ya ukoo, ya soko, ya ngoma na ya ndoa kwa saa mbili, anakunywa na chai yake, kisha anaandika: “Wazee wa Ujiji wanasema.” Wazee gani? Hawana majina? Burton kapata ukurasa katika orodha ya marejeo, bibi hakupata hata mstari. Huo ni unyang’anyi, na unauma zaidi kwa kuwa anayeufanya ni mjukuu.

Ujiji hiyohiyo inafundisha kwa nini jina la msemaji lina uzito. Risechi zinaandika kwamba Stanley alimkuta Livingstone tarehe 10 Novemba 1871, kana kwamba tarehe hiyo ilishuka kutoka mbinguni. Tarehe hiyo ni ya Stanley, katika kitabu alichochapisha mwaka 1872. Shajara ya Livingstone, iliyohaririwa na Horace Waller na kutoka mwaka 1874 baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba mwili wake na karatasi zake hadi pwani, inaliweka tukio hilo siku za mwisho za Oktoba. Livingstone alikuwa ametoka safari ndefu ya Manyema, mgonjwa, na hesabu ya siku ilikuwa imempotea. Mashahidi wawili, tarehe mbili, na sababu ya kuzipima. Hata ile salamu mashuhuri, “Dr. Livingstone, I presume?”, inayorudiwa kwa kila mtalii chini ya miembe ya makumbusho, tunaijua kwa kauli ya Stanley, na katika shajara yake kurasa za siku ile zimechanwa. Tim Jeal, aliyeandika maisha yake mwaka 2007, aliona kwamba huenda salamu hiyo ilitungwa baadaye. Mwanafunzi asiyetaja chanzo hawezi hata kuliona fumbo hilo, seuze kulifumbua. Na anakosa jambo jingine: katika shajara yake Livingstone anamtaja aliyemletea habari ya kufika kwa mgeni. Ni Susi, aliyekuja mbio.

Atakayeniambia kosa hili ni la vijana wavivu tu, atazame Gombe, mwendo mfupi wa boti kaskazini ya mji wa Kigoma. Hapo Jane Goodall alifika mwaka 1960, na kazi ya kuchunguza sokwe iliyoanzia pale imeheshimika duniani kote. Mwezi Machi 2013 gazeti la Washington Post lilifichua kwamba kitabu chake kipya kuhusu mimea, Seeds of Hope, kilikuwa na aya zilizochukuliwa katika tovuti mbalimbali, Wikipedia ikiwemo, bila kutajwa. Kitabu kilikuwa kitoke Aprili. Mchapishaji akakisimamisha. Goodall akaomba radhi hadharani, kikarekebishwa, kikatoka mwaka 2014 kikiwa na maelezo marefu ya vyanzo mwishoni. Sikumbushi haya kumwaibisha mwanamke niliyemheshimu na ninayemheshimu. Nakumbusha kwa sababu jina kubwa halikumwokoa, na halikupaswa kumwokoa. Ikiwa yeye alirudishwa kusahihisha, kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa tatu apewe gredi na kuvikwa joho?

Na Gombe hiyohiyo ina deni jingine ambalo wanafunzi wetu hawalilipi. Januari 1974 sokwe wa kundi la Kasakela walimvamia Godi, dume wa kundi la Kahama, tukio la kwanza kushuhudiwa la vita ya makundi hayo mawili, iliyowashangaza wanasayansi. Aliyeliona ni Hilali Matama, mfanyakazi wa utafiti, Mtanzania. Goodall alimtaja. Na baada ya vijana wanne wa kituo cha utafiti kutekwa nyara na watu wenye silaha mwezi Mei 1975, watafiti wa kigeni wakaondoka, Watanzania ndio waliobaki wakipanda milima kila siku kuandika kumbukumbu. Fungua risechi za leo uone: “Goodall aliona.” Mzungu alimtaja Mwafrika, na Mwafrika msomi akamfuta! Sijui neno la upole la kuliita jambo hili, na silitafuti.

Sasa nawageukia wanaonufaika na wizi huu. Kuna steshenari ambamo risechi inauzwa kama karatasi ya kuchapia: toa hela, taja mada, badilisha jina la wilaya, njoo jioni uchukue. Ya Kasulu inageuzwa ya Uvinza, matokeo yakiwa yaleyale. Siku hizi imeongezeka akili mnemba, inayotunga rejea zenye jina, mwaka na jarida, za makala ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziandika. Mwaka 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Huku kwetu rejea za hewa zinapita, zinasainiwa, zinajaladiwa kwa jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu na kuwekwa rafuni.

Zinasainiwa na nani? Na ninyi, wasimamizi. Hapo ndipo hasira yangu inapotua, kuliko kwa kijana mwenye bando la kuunga na maktaba isiyo na vitabu. Kijana anafanya kinachopita. Mnajua kabisa kwamba Kiingereza cha sura ya pili si cha mtu aliyeandika sura ya kwanza. Mnajua programu ya kukagua wizi wa maandishi hudanganywa kwa kubadilisha maneno matatu, na hata hivyo mnatazama asilimia yake tu kisha mnachukua kalamu.

Acheni. Muhula huu, kabla ya kusaini, chagueni rejea tano katika kila kazi. Mwambieni mwanafunzi azilete, azifungue kwenye ukurasa husika, asome mbele yenu na kueleza mwandishi alijuaje anachokisema. Rejea asiyokuwa nayo ifutwe pamoja na sentensi iliyoitegemea, na kama sura nzima itabaki mifupa, irudi kuandikwa upya. Mahojiano nayo yaandikwe inavyostahili: jina, mtaa, tarehe na ridhaa ya msemaji, na aliyeomba jina lake lifichwe lifichwe. Na yule bibi wa Kitongoni, akiridhia, nataka hili liwe sharti la kufaulu: jina lake liwemo katika orodha ya marejeo, kwa herufi za ukubwa uleule wa jina la Burton.