Kibodi moja, vifaa vitatu: kabla hujanunua, panga nani ataitumia na kwa kazi gani

Leo tunaanza na swali la mama mmoja wa Isansa, wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Nyumbani kwake kuna simu janja mbili, runinga janja iliyonunuliwa baada ya mauzo ya kahawa, na kompyuta mpakato ya zamani aliyoachiwa na kaka yake. Kompyuta inawaka vizuri, ila baadhi ya vitufe vyake havifanyi kazi. Kijana wake wa kidato cha pili amemwambia ipo kibodi moja isiyo na waya inayoweza kuandika kwenye vifaa hivyo vyote. Binti yake mkubwa amemaliza kidato cha sita na anajiandaa kuomba mkopo wa chuo. Mama anauliza: hiyo kibodi ni kitu cha maana, au kijana anatafuta kifaa cha kuchezea gemu kwenye runinga?

Mama, kijana wako hajakudanganya. Kibodi hiyo ipo. Lakini kama itakuwa na faida au la, itategemea kazi mtakayoipa na mtoto yupi ataruhusiwa kuikalia.

Inafanyaje kazi

Kibodi za namna hii hutumia Bluetooth, njia ileile ambayo simu hutumia kuunganishwa na spika ndogo au earphone zisizo na waya. Tofauti ni kwamba kibodi hii inakumbuka vifaa vitatu kwa wakati mmoja. Juu yake kuna vitufe vyenye namba 1, 2 na 3. Ukibonyeza 1 unaandika kwenye simu, 2 kwenye kompyuta, 3 kwenye runinga. Kampuni ya Logitech ilitoa mwaka 2014 kibodi iitwayo K480 yenye kirungu cha kuzungusha badala ya vitufe, na mfereji juu yake wa kusimamishia simu. Leo zipo za kampuni nyingi, kubwa na ndogo.

Kuiunganisha mara ya kwanza si kazi ya fundi. Bonyeza namba unayotaka na uishikilie kwa sekunde chache mpaka taa ianze kumetameta haraka. Kwenye simu fungua Mipangilio, ingia Bluetooth, chagua jina la kibodi. Simu ikikuonyesha tarakimu, ziandike kwa kibodi hiyohiyo kisha bonyeza Enter. Baada ya hapo vinafahamiana, na kuhama kutoka simu kwenda kompyuta ni kubonyeza namba tu.

Jambo moja la kuelewa: kibodi inazungumza na kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Ifikirie kama ufunguo mmoja wa milango mitatu. Kabla hujaandika herufi ya kwanza, jiulize uko kwenye mlango gani.

Kazi yenye maana zaidi: fomu za mtandaoni

Sasa tuje kwa binti. Maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, hufanyika kwa mtandao. Maombi ya kazi serikalini yanapitia mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira. Udahili wa vyuo nao uko mtandaoni. Maana yake mtoto akimaliza shule, milango yote ya mbele yake inafunguliwa kwa kuandika: majina kama yalivyo kwenye cheti, namba ya mtihani, namba ya NIDA, anwani, barua ya maombi.

Wengi wetu huwapeleka watoto steshenari. Kijana wa steshenari ana foleni ya watu kumi nyuma yako. Anafungua barua pepe mpya haraka haraka, anaweka namba ya simu yake mwenyewe, anabuni neno la siri ambalo mtoto hajalishika, na anajaza. Mara nyingi hafanyi hivyo kwa ubaya, ni haraka ya kazi. Lakini mfumo ukituma ujumbe kwamba kiambatisho kimoja hakisomeki na kirekebishwe, ujumbe unaingia kwenye barua pepe ambayo mtoto hawezi kuifungua. Muda wa marekebisho unapita na nyumbani hakuna anayejua. Akaunti ya maombi ni mali ya mtoto kama vyeti vyake. Haifai funguo zake zibaki kwa mtu mwingine.

Kwa nini watoto hawajazi wenyewe kwa simu? Wengine wanajaza. Lakini fomu ndefu kwa vidole gumba viwili ni mateso. Kibodi ya kwenye kioo inafunika nusu ya ukurasa, simu inajisahihishia majina ya Kinyiha kuwa maneno ya Kiingereza, na ukikosea herufi moja ya jina, cheti na fomu havilingani. Kwa kibodi halisi, kioo chote kinabaki wazi na mtoto anaona anachoandika. Anajaza taratibu, anahifadhi, anarudia kusoma kesho yake akiwa na vyeti mezani, na mzazi yuko karibu. Kama tovuti haikai vizuri kwenye simu, anabonyeza namba nyingine na kuendelea kwenye ile kompyuta ya mjomba, ambayo vitufe vyake vibovu si tatizo tena.

Tusidanganyane: kibodi haifanyi simu kuwa kompyuta. Kuchapa karatasi, kupata mihuri ya serikali ya kijiji na saini ya kamishna wa viapo bado kutawatoa nyumbani. Ila mtakwenda mkiwa na fomu iliyojazwa sahihi, na neno la siri likiwa kwenye daftari la binti, si kichwani mwa mtu wa steshenari.

Njia ya bei nafuu

Kabla ya kununua kibodi ya Bluetooth, angalia kama kuna kibodi ya kawaida ya waya, ile ya kompyuta ya mezani. Simu nyingi za Android zinaikubali ukitumia kiunganishi kidogo kiitwacho OTG, kinachoingia upande mmoja kwenye tundu la chaji na upande mwingine kupokea waya wa USB. Unachomeka, unaandika. Ukitaka kuhamia kwenye kompyuta, unachomoa na kuchomeka huko. Mikono inahangaika kidogo zaidi, lakini kazi ni ileile. Si kila simu inakubali OTG, kwa hiyo nenda dukani na simu yako mwenyewe ijaribiwe.

Ipo pia aina ya kati, isiyo na waya lakini yenye kidude cha USB cha kuchomeka kwenye kifaa. Hiyo huandika pale tu kidude kilipo. Muuzaji akikuambia inatumika kwa vifaa vitatu, mwombe akuonyeshe namba 1, 2 na 3, kisha aiunganishe na simu yako na simu yake, ahame kutoka moja hadi nyingine ukiangalia. Kama unaitaka kwa runinga, piga picha jina na namba ya runinga yako uende nayo, kwa sababu baadhi ya runinga janja zinakubali kibodi kila mahali, nyingine kwenye baadhi ya kurasa tu, na nyingine hazikubali kabisa. Nauli ya kurudi Tunduma au Vwawa kubadilisha bidhaa ni hasara ambayo dakika kumi za kujaribu dukani zingeiokoa. Na pendelea inayotumia betri ndogo za kawaida. Umeme ukikatika, betri za dukani zipo.

Kwa mwalimu au karani mwenye kompyuta mbili mezani, habari njema ni kwamba huenda hahitaji kununua kitu. Ipo programu ya bure ya Microsoft iitwayo Mouse Without Borders, iliyotolewa mwaka 2011, inayowezesha kibodi na mausi moja kuongoza hadi kompyuta nne za Windows zilizo kwenye mtandao mmoja. Ukisogeza mshale wa mausi hadi ukingoni mwa kioo, unatokea kwenye kompyuta ya jirani.

Usalama: nani anasoma unachoandika?

Hapa wazazi wengi hawafikirii. Bluetooth haizuiwi na ukuta wa sebule. Kibodi ikiwa kwenye namba ya simu ya mama, na simu iko chumbani na Bluetooth yake imewashwa, mtoto anayebonyeza sebuleni anaweza kuwa anaandika ndani ya ujumbe ambao mama aliuacha wazi. Neno la utani la mtoto linaweza kuishia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Upande wa pili, neno la siri lililokusudiwa kwa simu likiandikwa kibodi ikiwa kwenye namba ya runinga, linaweza kutokea mbele ya wageni wote.

Kwa hiyo nashauri mambo manne.

Kwanza, simu ya mzazi yenye hela, yaani ile ya miamala, isipewe namba yoyote kwenye kibodi. Namba za siri za miamala ziandikwe kwenye kioo cha simu yenyewe, mkononi mwa mwenyewe.

Pili, kabla ya kuandika neno la siri lolote, andika kwanza herufi moja mahali pa wazi, uone imetokea kwenye kifaa gani. Kisha ifute na uendelee.

Tatu, kuwa makini na kibodi za bei ya chini sana za kidude cha USB zisizotumia Bluetooth. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba kibodi za aina hiyo za watengenezaji wanane zilikuwa zinarusha herufi hewani bila kufichwa, kiasi kwamba mtu mwenye vifaa angeweza kuzisoma kwa mbali. Kwa hadithi na mazoezi ya shule si neno. Kwa maneno ya siri, tumia Bluetooth au waya.

Nne, usishtuke kibodi ya kwenye kioo cha simu ikipotea. Simu haijaharibika. Inaona kuna kibodi nyingine imeunganishwa, basi inaficha ya kwake. Zima kibodi na itarudi.

Zamu ya nani?

Sasa nirudi kwenye wasiwasi wa mama kuhusu gemu. Kitu kimoja kikiingia nyumbani penye watoto watatu, anayekipata zaidi ni yule mwenye muda. Na jioni, mwenye muda kwa kawaida ni mtoto wa kiume. Wa kike yuko jikoni, anachota maji, anamwogesha mdogo. Usipoweka utaratibu, kibodi iliyonunuliwa kwa ajili ya maombi ya binti itakuwa ya runinga ya kaka ndani ya mwezi mmoja, na hakuna aliyefanya kosa. Imetokea tu.

Weka zamu kwa saa, siyo kwa anayewahi. Nusu saa kwa kila mtoto, wa kike na wa kiume. Na zamu ya binti ikifika, vyombo vioshwe na mwingine. Kipindi cha maombi kikifunguliwa, kazi ya fomu inatangulia zamu zote. Gemu si dhambi, zije baada ya kazi.

Na zamu iwe na kazi ya kufanya. Vitufe vya F na J vina kialama kidogo kilichoinuka. Mtoto aweke hapo vidole vya shahada, vingine vipangane pembeni, asitazame chini. Aanze na maneno anayoyajua. Kiswahili kina bahati hapa: hakina herufi zenye nukta au mikia ya pekee, na hata ng'ombe anahitaji ritifaa tu. Mtaona pia kwamba kidole kidogo cha kushoto, chenye herufi A, kitachoka mapema, maana maneno yetu yamejaa A. Kikizoea hicho, mengine yatafuata.

Akishapata wepesi, mpe kazi halisi ya nyumbani. Aandike kumbukumbu za kikao cha kikoba chako. Aandike hesabu ya gunia za mahindi na kilo za kahawa. Aandike barua kwa babu, muichape mkienda mjini. Mtoto anayeandika kitu kitakachosomwa na mtu huandika kwa makini kuliko anayeandika zoezi.

Mama wa Isansa, kama pesa ipo na majaribio ya dukani yamefaulu, nunua. Kama haipo, tafuta kibodi ya waya na OTG, nayo itajaza fomu ileile. Ila jioni hiyohiyo ya kwanza, kabla runinga haijapewa namba yake, binti akae mezani na afungue barua pepe yake mwenyewe, kwa namba yake ya simu, kwa neno la siri analolijua yeye.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.