Maziwa Hayafiki Kwenye Uboho

Waulize vijana wa gereji za pikipiki Mpanda mjini wanajikinga vipi na petroli. Watakujibu: "Tunakunywa maziwa, yanakata sumu." Ukienda kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, utasikia maneno hayohayo kuhusu moshi wa dizeli. Wapo hata waajiri ambao wakishamnunulia mfanyakazi pakiti ya maziwa huona wamemaliza wajibu wao. Imani hii ni ya uongo, na inawagharimu watu uhai.

Maziwa huenda tumboni. Mvuke wa petroli huingia kwa pua, hufika mapafuni na kupenya kwenye damu muda huohuo. Ndani yake mna benzini, ambayo mwili ukiivunja huzaa kemikali zinazoshambulia uboho, mahali damu inapotengenezwa. Mmoja anaweza kuishiwa damu, mwingine kupata saratani ya damu. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walishaiweka benzini miongoni mwa visababishi vilivyothibitika vya saratani miaka mingi iliyopita. Moshi wa dizeli ukafuata mwaka 2012, na petroli yenyewe 2025.

Mtazame fundi akitoa mafuta kwenye tangi. Anachomeka mpira, anavuta kwa mdomo hadi petroli imguse ulimi, anatema, kisha anajifuta midomo kwa mkono uleule uliosafisha kabureta. Jioni ananawa grisi kwa petroli. Viganja vinapauka na kupasuka, na ngozi iliyopasuka hupitisha sumu zaidi. Siku mafuta yakimpalia, wenzake humnywesha maziwa ili atapike. Hapo ndipo wanapomwangamiza, kwa sababu akitapika, petroli huweza kuingia mapafuni. Msimtapishe, mkimbizeni hospitali.

Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga na ampime afya. Haisemi maziwa popote. Naye kijana asiye na mkataba, anayelipwa kwa siku, akiugua baada ya miaka kumi atamdai nani fidia?

Wenye gereji, nunueni pampu ya mkono ya kuhamishia mafuta, glavu zisizopitisha petroli na sabuni ya kuondolea grisi. Injini iwashwe nje, penye upepo. Maziwa wapeni vijana wenu kama chakula, na kinga wapeni pia.