Wasioona na Tiba ya Moyo

Mfanyakazi aliyeona kwa miaka arobaini, kisha akaambiwa na daktari kwamba presha ya macho imekwisha kuharibu mshipa wa fahamu wa jicho na hataona tena, hurudishiwa kadi yake akaelekezwa mlangoni. Tiba ya macho imekoma hapo. Huzuni yake ndiyo kwanza yaanza, nasi twauliza: ni nani aliyekabidhiwa kazi ya kuitazama?

Shirika la Afya Duniani limekwisha eleza kwamba watu wazima waliopotewa na nuru ya macho hupatwa na sonona na wasiwasi kwa wingi kuliko wengine. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Basi sheria hazikosekani. Kinachokosekana mahali pengi ni mtu wa kumtoa mgonjwa chumba cha macho na kumfikisha chumba cha ushauri, hata vyumba hivyo vikiwa katika hospitali moja.

Tena akifika huko, huja ameshikwa mkono na mwanawe, na mtoto huketi pale pale akasikia yote. Baba gani atasema mbele ya mwanawe kwamba usiku hatamani kupambazuke? Atasema hajambo, naye mshauri ataandika kwamba hajambo. Kisha atapewa karatasi iliyopigwa chapa, akasomewe na jirani, na siri yake iwe ya mtaa mzima. Kurekebisha haya hakuhitaji fedha nyingi. Mwongozaji na angoje nje. Mshauri na ataje jina lake, wala asijibu kwa kutikisa kichwa, maana hakuonekani. Na maelezo yatolewe kwa nukta nundu, au kwa sauti iliyorekodiwa katika simu. Afadhali zaidi mshauri akiwa mtu aliyepofuka zamani, akajua kwa mwili wake mwaka wa kwanza ulivyo.

Lakini maneno matupu hayatoshi. Mtu aliyefundishwa fimbo nyeupe hata akaenda sokoni peke yake amekwisha kupata sehemu kubwa ya dawa yake. Watu wa nyumbani wamkalishao mkekani, wakamkataza hata kuosha kikombe, hufanya hivyo kwa mapenzi (hatuwatukani), ila wamnyang'anya hicho kidogo kilichobaki.

Na kazi je? Sheria ile ya 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri wenye ulemavu wasiopungua 3 kwa mia. Wapo waajiri waionao hesabu hiyo kuwa mzigo, na huku wamwachisha kazi fundi wao wenyewe aliyepofuka, bila kumjaribu katika kazi nyingine. Hapa twavitazama vyama vya wafanyakazi. Kila tawi laweza kuuliza katika mkutano wake ujao: tangu mwenzetu alipopofuka, ni nani aliyekwenda kumwona, na amekwenda mara ngapi?