Kabla ya Mkanda Mweusi: Pumse Yako Itashuhudia Nini?



Katika parokia zetu, wengi wa wanaoimba katika kwaya siku ya Dominika ndio hao hao wanaoonekana katikati ya juma wamevaa mavazi meupe ya taekwondo, wakifanya mazoezi katika ua wa shule au katika ukumbi wa parokia. Baadhi yao wamekwisha kufika mlangoni pa mkanda mweusi. Na kuna walimu ambao, juu ya mtihani wa kawaida, huwapa kazi moja ya ziada: kila mmoja atunge pumse yake mwenyewe na kuionyesha mbele ya wakaguzi. Kazi hiyo inastahili kufikiriwa na kundi zima la vijana, hata na wale wasiojua kurusha teke, kwa sababu inamdai kijana ajibu hadharani swali ambalo wengi wetu hulikwepa: nguvu nilizopewa nitazitumia kwa faida ya nani?

Kwa asiyefahamu, pumse ni mfuatano wa miondoko ya kukinga na kushambulia ambao mwanafunzi huufanya peke yake, akikabiliana na mpinzani asiyeonekana. Kila hatua, kila mgeuko na kila pigo vina mahali pake. Katika taekwondo inayofuata Kukkiwon, makao makuu yaliyoko Seoul, mwanafunzi hupitia pumse 8 ziitwazo Taegeuk kabla ya mkanda mweusi. Baada yake huja Koryo, kisha nyingine nane. Katika tawi lililoanzishwa na Jenerali Choi Hong Hi, mifuatano iko 24, kwa mfano wa saa za siku moja, kwa kuwa mwanzilishi huyo aliona kwamba maisha ya mwanadamu mbele ya umilele ni kama siku moja tu.

Mifuatano hiyo haikubuniwa kwa kupendeza macho. Kila mmoja una jina, na jina lina maana. Do-San, kwa mfano, ni jina la Ahn Chang-ho, Mkorea aliyejitoa kwa elimu ya watu wake. Miondoko yake 24 inasimamia maisha yake yote, yaliyotolewa kwa ajili ya kuwaelimisha wengine. Mfuatano wa Choong-Moo, jina la heshima la amirali Yi Sun-sin, humalizika kwa pigo la mkono wa kushoto, kama ishara ya kifo chake cha kusikitisha, kwamba hakupata nafasi ya kuonyesha uwezo wake wote. Kwa hiyo mtu anayetunga pumse anatoa ushuhuda. Anasema: huyu ndiye ninayemheshimu, na hivi ndivyo ninavyoelewa nguvu.

Hapo ndipo ninapoona hatari ya kwanza. Wengi wanaopewa kazi hii huanzia kwenye simu. Wanatazama video za mabingwa, wanachagua teke moja la kuruka hapa, mzunguko mmoja pale, kisha wanaviunga pamoja kama mtu anayeshona vazi kwa vipande vya nguo za watu wengine. Sisi tuliopitia shule ya ualimu tulizoezwa kanuni rahisi: mwanafunzi huongozwa kutoka anachokijua kwenda kwa asichokijua, na hawezi kutunga insha kabla ya kuzimiliki sentensi. Mwenye kutunga pumse vilevile huanza kwa kuhesabu alichokipokea: misimamo ambayo miguu yake inaijua hata gizani, kinga ambazo mikono yake inazifanya bila kusitasita. Upya wa pumse yake utatokana na namna anavyopanga vitu hivyo na na sababu anayoipangia.

Kanisa letu la Kongo linaijua njia hiyo. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, maaskofu wetu, na kati yao Kardinali Malula, walitamani Misa ambayo Mkongomani angeiadhimisha kwa moyo wake na kwa mwili wake. Walishika kiini kilichopokelewa, wakasoma, wakajaribu, wakangoja. Mwaka 1988 Roma ilithibitisha Misale ya Kiroma kwa ajili ya majimbo ya Zaire. Ndani yake tunawaita watakatifu pamoja na wahenga wetu wenye moyo mnyofu. Tunatubu baada ya kulisikiliza Neno, na tunapeana amani papo hapo. Wahudumu huizunguka altare kwa kucheza. Hata hivyo, mkristu wa Seoul akiingia kanisani kwetu atatambua kwamba ni Misa ile ile anayoijua. Walioitunga walikuwa kwanza wapokeaji waaminifu, na kwa sababu hiyo waliweza kuongeza jambo lililo letu kweli.

Najua kwamba wazazi wengine hawapendi kusikia habari hizi. Wa kwanza husema kwamba ishara za Taegeuk zinatoka katika mafundisho ya kale ya Mashariki, na kwamba mtoto mkristu asiziguse. Ni kweli kwamba pumse hizo nane zinafuata alama za kale zinazotaja mbingu, ngurumo, upepo, maji, mlima, ardhi na vingine. Lakini mwanafunzi haziabudu. Mkristu anayejua maana ya anachofanya, akajua pia nani aliyeziumba mbingu na nchi, hana haja ya kuogopa jina la mlima. Hatari iko kwa asiyeuliza maana ya lolote, awe ukumbini au kanisani.

Wazazi wa pili wana hoja nzito zaidi. Wanasema: nchi yetu imechoshwa na vurugu, kwa nini tumfundishe kijana kupiga? Hoja hiyo siipuuzi. Sote tunajua kwamba makundi yenye silaha hutafuta vijana wenye mwili imara, na kwamba wakati wa uchaguzi wapo wakubwa wanaokodi misuli ya vijana kwa chupa ya bia na noti chache. Kijana aliyefunzwa kupiga bila kufunzwa kujizuia ni mali ya yeyote atakayemlipa. Lakini jibu langu ni kwamba kijana huyo huyo, asipofundishwa popote, atafundishwa na barabara. Kanisa linakubali kwamba kujilinda kwa kadiri ni halali, na kwamba kumlinda mnyonge kunaweza kuwa wajibu. Linalokataa ni nguvu isiyokuwa na bwana.

Tazameni tena pumse zenyewe. Zote 8 za Taegeuk huanza kwa kinga. Hakuna hata moja inayofunguliwa kwa pigo. Mtoto wa mkanda mweupe hujifunza jambo hilo kwa mkono kabla hajalielewa kwa akili. Sisi wakristu tuna sababu kubwa zaidi ya kulishika. Katika bustani ya Getsemani Petro alianza kwa upanga, na Yezu akamwamuru aurudishe mahali pake, kisha akaliponya sikio la mtu aliyejeruhiwa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kijana anayetunga ni huu: pumse yako isianze kwa kushambulia. Ukianza kwa pigo, wakaguzi wanaweza kukupa alama, lakini umekwisha kutuambia wewe ni nani.

Sasa nifike kwenye jina. Kati ya mifuatano 24 ya Jenerali Choi upo uitwao Joong-Gun, na wachache kati yenu wanajua kwamba mtu huyo alikuwa Mkatoliki. An Jung-geun alibatizwa mwaka 1897 kwa jina la Thomas. Tarehe 26 Oktoba 1909, katika stesheni ya treni ya Harbin, alimpiga risasi na kumwua Ito Hirobumi, aliyekuwa waziri mkuu wa Japani na kisha mtawala wa kwanza aliyewekwa na Japani juu ya Korea. Aliuawa kwa hukumu mwezi Machi 1910. Miondoko 32 ya mfuatano wake inasimamia umri wake siku hiyo, kwa hesabu ya Kikorea inayompa mtoto mwaka mmoja anapozaliwa. Askofu wa Seoul alikataza apelekewe sakramenti. Padri aliyembatiza alikwenda gerezani hata hivyo, akamwungamisha. Mwaka 1993 Kardinali Kim Sou-hwan wa Seoul aliadhimisha Misa ya kumkumbuka.

Mimi simhukumu Thomas An. Nchi yake ilikuwa imenyang'anywa, naye alijihesabu kuwa askari wa taifa lake. Sisi wa Kongo, tunaojua maana ya ardhi kukanyagwa na wageni wenye bunduki, tunaielewa hasira yake vizuri kuliko wengi. Ndiyo sababu nasema kwa uangalifu: kijana wetu asiishie hapo.

Maana katika mwaka ule ule wa 1909, mlei mwingine mkatoliki, naye kijana, alikufa katika nchi yetu, upande wa Ikweta. Isidore Bakanja alikuwa amebatizwa mwaka 1906. Alifanya kazi katika shamba la kampuni ya kikoloni, akavaa skapulari ya Bikira Maria shingoni. Msimamizi mzungu alimwamuru aivue. Alipokataa, alichapwa kwa mjeledi wenye misumari hata mgongo ukawa kidonda kitupu. Aliteseka miezi mingi. Kabla ya kufa alimsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994.

Jina la Bakanja halimo katika ile mifuatano 24. Nani ataitunga pumse yake, kama si kijana wa Kongo? Na atakayejaribu atakutana na ugumu wa kweli: aonyesheje kwa miondoko nguvu ya mtu ambaye hakupiga? Wengine watasema haiwezekani, kwa kuwa pumse ni sanaa ya vita. Mimi naona inawezekana, na taekwondo yenyewe inatoa njia. Katika Keumgang, inayofuata baada ya Koryo, mwanafunzi husimama kwa mguu mmoja huku mkono mmoja ukikinga juu na mwingine ukikinga chini. Haumgusi mtu. Wajuzi wanajua kwamba kusimama hivyo bila kutikisika ni kugumu kuliko mateke mengi. Mwenye kuyumba huonekana mara moja. Mwenye kusimama imara huheshimiwa na wote. Huyo ndiye Bakanja: alisimama mahali ambapo kila kitu kilimsukuma aanguke.

Basi, kwa mwenye mtihani mbele yake, niongeze mambo machache ya kazi. Kwanza, chagua jina kabla ya miondoko, na liwe la mtu au jambo ambalo uko tayari kuliishi. Pili, chora njia ya miguu yako kwenye karatasi: Koryo huchora alama ya mtu msomi, wewe nawe ujue unachora nini sakafuni. Tatu, hesabu yako iwe na sababu. Ukiulizwa kwa nini miondoko ni mingi hivi, usijibu kwamba ilitokea tu. Nne, usiweke teke ambalo mwili wako hauliwezi, kwa maana kinachoonyeshwa kwa majivuno huanguka mbele ya watu. Tano, weka mahali pa kutulia, ambapo mkono uliokuwa tayari kupiga unashuka. Sita, rudi ulipoanzia. Jenerali Choi aliweka kanuni kwamba mfuatano uanze na kumalizika mahali pale pale. Mtu asiyeweza kurudi alipoanzia, hatua zake hazikuwa na kipimo. Mwisho, mwonyeshe mwalimu wako mapema, ukubali akusahihishe.

Kwenu viongozi wa makundi ya vijana nina ombi moja. Mwenzenu anapojiandaa kwa mtihani huo, msimwache peke yake na ukumbi wake. Mwalikeni mkutanoni, asukume viti pembeni, aifanye pumse yake mbele yenu. Kisha mwulizeni kama wakaguzi wasivyouliza: Umempa jina la nani? Kwa nini umepiga hapa? Kwa nini hapa umeuzuia mkono? Na siku mtu mwenye fedha atakapokuja kuutafuta mkono huo, utamjibu nini? Akiweza kujibu mbele ya rafiki zake, atakuwa amejibu mapema mbele ya yule atakayemjaribu barabarani. Asipoweza, bado kuna muda wa kuitunga upya, na ninyi mtamsaidia.

Mkanda mweusi utafungwa kiunoni siku moja ya sherehe, na wazazi watapiga vigelegele. Wale watakaokutana na kijana huyo baadaye, katika foleni ya maji, kwenye kizuizi cha barabara, nyumbani mwake atakapooa, watapaswa kuikuta hai ile pumse aliyoitunga. Bwana awape nguvu, awape na kipimo chake.