Mipira Mitatu, Sindano Hakuna

Mwezi wa nane nilikuwa nyumbani Tanzania likizo, nikapita shule ya msingi ya kijijini kwetu, wilayani Newala. Ndiyo ile ambayo sisi wa chama chetu cha hapa Uingereza tuliipelekea mabegi mawili ya vifaa vya michezo, na wengi wenu mnakumbuka tulivyochangishana. Mwalimu mkuu akanifungulia kabati. Jezi zimo, zimekunjwa vizuri, lakini ni za watu wazima. Mtoto wa darasa la nne akivaa inakuwa kanzu. Njumu zimo, namba 42 na 43. Mipira mitatu ya ngozi imo pia, imesinyaa, kwa sababu sindano ya pampu ilikatika wiki ya pili. Nje, chini ya mikorosho, watoto walikuwa peku wanapiga mpira wa makaratasi na kamba, kelele mpaka ofisini.

Nilicheka, halafu nikaona haya. Mwalimu hana kosa. Wenye kosa ni sisi, tuliokimbilia vitu vya punguzo madukani hapa Uingereza bila kumpigia mtu simu na kuuliza: mna shida gani?

Nilipouliza, jibu lilikuwa fupi: nauli. Waliosoma nyumbani wanaijua UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Timu huchujwa kuanzia shuleni, ikaja kata, wilaya, mkoa, hadi taifa. Mtoto akichaguliwa anahitaji usafiri, chakula na pa kulala, na kwa sehemu kubwa mzigo huo huwaangukia wazazi. Michezo hiyo huiva katikati ya mwaka, mwezi wa sita hivi. Fedha za korosho huanza kuonekana Oktoba. Mchango unadaiwa wakati mifuko imekauka kabisa, na binti hodari wa mpira wa pete anabaki kijijini.

Jingine ni ngoma. Siku ile watoto walitaka kunichezea sindimba. Ngoma ya shule imechanika ngozi, wakatumwa kwenda kuazima kwa mzee mmoja, fundi wa kuwamba. Aliileta mwenyewe, akawasha majani makavu, akaikanza taratibu huku akiigonga kwa kidole na kusikiliza, mpaka ikalia anavyotaka. Vijana wawili wa darasa la sita walichuchumaa pembeni wakimtazama mikono. Hakuna anayemlipa mzee yule kwa somo hilo. Sisi kila tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru, tunakodi ukumbi, tunakata viuno kwa sindimba ya spika na kupigana picha, lakini katika michango yetu yote hatujawahi kutenga hata senti ya kununulia ngozi ya mbuzi.

Wapo wanaosema watoto wasome kwanza, michezo baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali yenyewe ilifikiri hivyo ikasitisha mashindano ya shule, kisha ikayarudisha. Wala sisemi tunamtafuta mwanariadha kama Filbert Bayi mwingine. Mtoto kucheza, akafurahi, kesho akaamka na hamu ya kwenda shule, kwangu hiyo inatosha.

Kwa hiyo kwenye mkutano mkuu wa chama nitaleta hoja kwamba mabegi yakome. Fedha ziende kwa kamati ya shule kabla ya mwezi wa tano, kwa risiti. Jezi zishonwe na fundi cherehani wa hukohuko, kwa vipimo vya watoto wenyewe. Mzee alipwe awambe ngoma mbili na kuwafundisha vijana wale. Mhazini anapokea michango hadi mwisho wa Aprili, na mwenye njumu namba 43 tafadhali abaki nazo.

Sindano za pampu nilizinunua Mtwara mjini siku ya kurudi, nikampa kondakta wa basi azifikishe. Mwalimu amenipigia, zimefika.