Kabla ya kuisifu dawa ya kudumu, tuulize nani ataitoa

Siku hizi haupiti muda bila kusikia habari za dawa inayokaa mwilini miezi au miaka, mgonjwa asihangaike kukumbuka kidonge. Mimi ni mkunga katika zahanati ya kijijini wilayani Kilosa, na habari hizo zinanifurahisha. Najua vidonge vinavyosahaulika msimu wa palizi, na najua vinavyofichwa ndani ya ndoo ya unga ili mume asivione. Lakini kuna swali ambalo halipewi nafasi: siku mwenye mwili akisema basi, nani ataitoa?

Tuchukue kijiti cha kuzuia mimba tunachokifahamu, Implanon, kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kina urefu wa sentimita 4 na unene wa milimita 2. Ndani mna miligramu 68 za homoni iliyochanganywa na plastiki laini, na nje kuna ganda jembamba linaloizuia dawa isitoke kwa pupa. Wiki za mwanzo hupenya mikrogramu 60 hadi 70 kwa siku. Mwaka wa tatu ukielekea ukingoni, ni 25 hadi 30. Humo hamna betri wala mashine. Ganda ndilo linalopima dozi. Ufundi huu ulianza miaka ya 1960, daktari wa Marekani Judah Folkman alipobaini kuwa dawa hupenya polepole kwenye mpira wa silikoni. Mwaka 1983 Finland ikaidhinisha Norplant, vijiti sita vya mpira huo.

Kukiweka ni kazi ya dakika chache, maana kinakuja kimeshapakiwa kwenye kifaa chake. Kukitoa ni shughuli nyingine. Napapasa mpaka nizipate ncha zote mbili, nachoma ganzi chini ya ncha iliyo karibu na kiwiko, nachana ngozi milimita mbili au tatu, kisha nasukuma kwa kidole huku koleo ikisubiri. Kwa miaka yote hiyo mwili umekizungushia utando, nao hupasuliwa taratibu ndipo kijiti kitoke. Kama kiliwekwa kwa kina, mama atahitaji ultrasaundi, daktari wa upasuaji, na nauli ya kuwafuata.

Mwaka 2013 bei ya vijiti kwa nchi zetu ilishushwa kutoka dola 18 hadi 8.50. Ulikuwa ushindi wa kweli. Ila bei ile ilikuwa ya kijiti; ganzi, wembe na mhudumu wa kukitoa havikuwemo. Mama mmoja alifika kwetu akitokwa damu ovyo kwa miezi, baada ya kituo alikowekewa kumwambia, "Vumilia mama, miaka mitatu si mingi." Tulikitoa asubuhi hiyohiyo. Majirani waliomwona akizungushwa hawataki hata kukisikia. Uvumi kwamba kijiti hutembea hadi moyoni hauletwi na ujinga peke yake. Unalishwa na mhudumu anayekataa kukitoa.

Sasa zinakuja malighafi zinazoyeyuka zenyewe. Mwaka 1995 Leigh Canham wa Uingereza alichapisha utafiti kuhusu silikoni nyingine, si ule mpira bali ile inayotumika kutengenezea chipu za simu: ikitobolewa vitundu vidogo mno, huweza kuyeyuka kwenye majimaji kama ya mwili. Mabaki yake ni asidi inayotoka na mkojo. Nazo polima za PLGA, ndugu wa nyuzi za kushonea zinazopotea zenyewe, tayari zinabeba dawa katika sindano za saratani ya tezi dume zinazofanya kazi kwa miezi.

Wapo watakaosema tatizo limekwisha, maana hakuna cha kutoa. Naona limegeuka tu. Kijiti kikitolewa, homoni huisha mwilini ndani ya siku chache. Chembe za polima zilizodungwa na kutawanyika ndani ya msuli hazikusanyiki; mwenye madhara atasubiri ziishe. Kwa mgonjwa wa saratani hilo huenda likavumilika. Kwa binti mwenye afya anayezuia mimba, mimi sitalikubali.

Naiomba Wizara ya Afya na wafadhili: kila kijiti kinachoagizwa kifuatane na vifaa vya kukitolea, na mhudumu aliyefunzwa kazi hiyo awepo palepale kinapowekwa. Ripoti nazo zipime wangapi waliomba kutolewa na wangapi walitolewa. Nawe dada yangu, kabla hujanyoosha mkono uwekewe, uliza nani atakitoa, na wapi. Usipopata jibu, tafuta kituo kingine.